Nili na Pete Zinazopakana: Uhakiki wa Lugha ya Kemia ya Naitrojeni katika Kiswahili

Kwa muda mrefu uwezo wa Kiswahili katika sayansi umekuwa ukipimwa kwa hesabu ya majina. Huulizwa kama lugha inalo jina la kitu hiki na jina la kitu kile, na mara orodha ya istilahi inapopigwa chapa, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania katika miaka ya 1970, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni matunda ya juhudi ambazo hapana mtaalamu wa lugha awezaye kuzibeza. Bila ya juhudi hizo hata uhakiki kama huu usingalikuwa na maneno ya kuandikiwa. Hata hivyo, yafaa iulizwe kama majina hayo, yakishapangwa katika sentensi, huweza kusema jambo ambalo mwanakemia angelikubali kuwa ni la kweli.

Liko tawi moja la kemia ambalo laufaa sana mtihani huo. Ni lile linaloshughulikia utengenezaji, kwa msaada wa metali, wa kampaundi ambazo molekuli zake zina pete mbili au zaidi zilizoshikana, na ndani ya pete hizo mna atomu za naitrojeni. Kwa istilahi zilizokwisha kuenea, jina la tawi hilo laweza kuandikwa hivi: "usanisi wa kampaundi za pete zilizoungana zenye naitrojeni, uliochochewa na metali". Sarufi ya maneno hayo haina dosari, na kila neno lina kibali cha kamusi au cha mazoea. Pamoja na hayo, katika mambo mawili makubwa maneno hayo yanapotosha, na katika la tatu yana utata.

Mtu aweza kusema kwamba mfano huu umetafutwa mbali. La, hasha. Mkazi wa Eldoret anapokunywa kikombe cha chai iliyochumwa Nandi anakunywa kafeini, ambayo ni pete mbili zilizoshikana zenye naitrojeni nne. Kwinini iliyotibu homa ya malaria kwa vizazi vingi ina pete ya kwinolini ndani yake. Vivyo hivyo klorokwini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1934, ambayo Kenya iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria hadi mwaka 1998. Na katika mji huohuo wa Eldoret, ambako mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake umewahudumia wenye virusi vya UKIMWI tangu mwaka 2001, wagonjwa wengi humeza kila siku kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ya kwanza na ya tatu zina pete zilizoshikana zenye naitrojeni. Ya pili ina pete yenye naitrojeni pia, lakini haikushikana na nyingine kwa namna hiyo. Lugha isiyoweza kuitaja tofauti hiyo haiwezi kukieleza kidonge hicho.

Mfano wa kidonge ndio unaoonyesha utata wa neno la kwanza, "kampaundi". Walimu wengi, wakilikwepa neno hilo la mkopo, husema "mchanganyiko". Katika makande, hata hivyo, mahindi hubaki mahindi na maharagwe hubaki maharagwe, na mwenye subira aweza kuyachambua mojamoja. Huo ndio mchanganyiko. Kampaundi si hivyo, kwa kuwa vilivyoingia humo vimekwisha kupoteza tabia zao. Mwalimu anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili hujikuta akisema kwamba kidonge ni mchanganyiko wa michanganyiko mitatu, na mwanafunzi hawezi kujua kipi huchambulika na kipi hakichambuliki. Wengine wamependekeza "muungano". Neno hilo ni zuri, ila limekwisha kushikwa na siasa tangu mwaka 1964, na katika siasa haijaamuliwa bado kama vilivyoungana hupoteza tabia zao au la. Basi "kampaundi" na libaki, ingawa katika mitaa ya Eldoret neno hilohilo lina maana ya ua wa nyumba wenye lango na mlinzi. Mwanafunzi huvumilia maana mbili za neno moja mradi hazikutani katika sentensi moja.

Hapa yafaa itajwe kanuni ambayo wanaoukosoa mkopo wa sauti huisahau. Eldoret yenyewe ilianza mwaka 1910 kwa posta iliyojengwa juu ya shamba lililokuwa na namba 64, na watu wa huko wakaligeuza jina la Kiingereza la namba hiyo kuwa Sisibo. Katika "Sisibo" hesabu imepotea kabisa. Hapana asikiaye neno hilo akakumbuka sitini wala nne. Hata hivyo jina lilifaa na bado linafaa, kwa sababu kazi ya jina la mahali ni kuelekeza, si kueleza. Majina ya vitu vya kemia mengi ni ya aina hiyo. "Paladi", "kwinolini", "iodini" na "naitrojeni" ni Sisibo za kemia, na hapana hasara kuyatwaa kwa sauti yake. Naitrojeni yenyewe ilipewa na Lavoisier jina lenye maana ya kitu kisicho na uhai, na Wajerumani huiita kwa neno lenye maana ya kitu kinachosonga pumzi. Hayo hayakuwazuia Wafaransa wala Wajerumani kuielewa kama inavyoeleweka kwa wakulima wa Uasin Gishu, ambao huijua kwa magunia ya mbolea. Wanaodai kwamba kila dutu ipewe jina la asili ya Kibantu wanajitwika mzigo usio na faida.

Lakini hata katika majina mkopo wa haraka huwa na gharama yake, na mfano wake mkubwa ni "anilini". Anilini ni kampaundi ya pete moja yenye naitrojeni iliyoning'inia nje, na ndiyo malighafi ya pete nyingi zilizoshikana. Skraup aliitumia kupata kwinolini mwaka 1880, na leo bado huanziwa nayo au na jamaa zake. Katika Kiswahili neno hilo huingia kama mgeni asiyejulikana kwao. Kumbe kwao ni hapahapa. Mwaka 1826 mwanakemia wa Kijerumani Unverdorben aliipata dutu hiyo kwa kuichoma nili na kuukusanya mvuke wake. Mwaka 1840 Fritzsche akaipata tena kutokana na nili, akaiita kwa jina la Kireno la mmea wa nili. Wareno walilitwaa jina hilo kwa Waarabu pamoja na kitambulisho chake cha Kiarabu mbele, na Waarabu walilipokea kutoka Uajemi na Bara Hindi. Neno hilohilo lilivuka bahari kwa njia ya pili, likatua pwani ya Afrika ya Mashariki likawa "nili", rangi ya buluu na unga wa kufulia nguo nyeupe. Kaniki, nguo ya wanawake wa bara na pwani kwa miaka mingi, ilikuwa ikitiwa nili hiyo kabla ya kuletwa kwa majahazi. Hata jina la indoli, ile pete ya 6 na ya 5 iliyo msingi wa uhakiki huu, lilitungwa kutokana na jina la nili katika lugha za Ulaya. Indoli ilipatikana na Baeyer mwaka 1866 katika uchunguzi wake wa nili, na aliipata kwa kutumia vumbi la zinki, yaani kwa msaada wa metali.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Eldoret anayekariri "anilini" kama sauti tupu anakariri neno la nyumbani lililorudi limevaa kanzu ya ugeni. Haidaiwi hapa kwamba anilini iitwe nili. Hizo ni dutu mbili tofauti, na kuzipa jina moja kungekuwa kosa la kemia. Linalodaiwa ni kwamba kamusi ya istilahi iliyoandika nasaba ya neno hilo, hata kwa mstari mmoja, ingelimwonyesha msomaji kuwa rangi, dawa na neno vina ukoo mmoja. Yafaa ikumbukwe pia kwamba kiwanda cha nguo cha Rivatex kimo Eldoret, na kwamba tangu mwaka 2007 ni mali ya Chuo Kikuu cha Moi. Ni vigumu kupata mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo idara ya Kiswahili, maabara ya kemia na mitambo ya kutia nguo rangi vina mwenye mali mmoja.

Sasa yaangaliwe maneno yanayopotosha. La kwanza ni "zilizoungana". Indoli ina pete ya atomu 6 na pete ya atomu 5. Msomaji akiambiwa kwamba pete hizo zimeungana, atajumlisha, naye atapata atomu 11. Jibu hilo si sahihi, kwani atomu za pete hizo kwa jumla ni 9 tu. Kwinolini nayo ina pete mbili za 6, lakini atomu zake za pete ni 10, wala si 12. Sababu ni kwamba pete hizo hazikuletwa pamoja zikafungwa kamba. Zina upande mmoja ambao ni wa zote mbili, na atomu 2 za upande huo huhesabiwa huku na kule. Kitenzi "ungana" hakisemi hayo. Mikono miwili iliyoshikana imeungana, na bado kila mmoja una vidole vyake vitano.

Ubaya wa "ungana" ni kwamba hufunika hali nne ambazo kemia huzitenganisha kwa makini. Pete mbili zaweza kuunganishwa kwa kifungo kilicho kati yao, kila moja ikiwa kamili kwa upande wake. Zaweza kuchangia atomu moja tu, zikagusana penye nukta. Zaweza kupitana kama pete za mkufu bila ya kuchangia atomu yoyote. Molekuli za namna hiyo zilitengenezwa na Sauvage kwa msaada wa shaba, na kazi hiyo ikawa sehemu ya iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Au zaweza kuchangia upande mzima. Hali hii ya mwisho ndiyo ya kafeini, ya klorokwini na ya nili. Mfasiri mwenye haraka aweza kufanya baya zaidi, kwani neno la Kiingereza linalotumika hapa lina maana ya kuyeyusha pia, na kutoka hapo ni hatua fupi kufikia "pete zilizoyeyushwa", jambo ambalo halina maana yoyote.

Kiswahili hakikukosa kitenzi cha hali ya nne. Husemwa kila siku kwamba Uasin Gishu inapakana na Nandi. Asemaye hivyo hana maana kwamba kaunti hizo zimeshikana mikono, wala kwamba kati yake kuna ukanda wa tatu usio wa yeyote. Mpaka ni mmoja, na ni wa pande zote mbili. Ukiufuta, kaunti zote mbili zimefunguka. Hiyo ndiyo hali ya pete za indoli bila kupungua wala kuzidi, hata kwa hesabu, maana afisa wa ardhi anayepima urefu wa mipaka ya kaunti hizo akiujumlisha mpaka wa kati mara mbili atakuwa amekosea kama alivyokosea msomaji aliyepata atomu 11. Zaweza kuitwa "pete zinazopakana", au, kwa kufuata njia ambayo wanasarufi walipata "nomino ambatani" kutokana na "ambatana", zikaitwa "pete pakani". Itasemwa kwamba "pakana" ina maana nyingine, ya watu wawili kupakana mafuta. Ni kweli, lakini hakuna hatari ya kuchanganya mafuta na mpaka katika sentensi ya kemia. Itasemwa pia kwamba "pakani" hukaribiana mno na "mpakani". Pingamizi hilo ni zito zaidi, na huenda kwa ajili yake ikafaa kuanza na umbo refu, "zinazopakana", hadi masikio yazoee.

Neno la pili linalopotosha ni "uliochochewa". "Kichocheo" limekaa katika vitabu kwa muda mrefu, na lilichaguliwa kwa hoja nzuri: anayechochea moto husukuma kuni karibu, moto ukawaka, naye haungui. Mpaka hapo mfano ni sahihi, kwa kuwa metali ya kichocheo hupatikana tena mwishoni. Lakini kuna mambo mawili ambayo kuchochea hakuyasemi, na moja ambalo hulisema kwa uongo. Kwanza, anayechochea hukaa nje ya moto, hali paladi huingia ndani ya kazi, ikazishika atomu kwa vifungo halisi, kisha ikaziachia. Pili, kijiti cha kuchochea hufanya kazi penye moto mmoja, ambapo atomu moja ya paladi huhudumia molekuli nyingi, moja baada ya nyingine, na ndiyo maana kiasi kidogo chake hutosha. Uongo wenyewe ni katika maana ya pili ya kuchochea. Mchochezi, mahakamani na mitaani, ni mtu anayewafanya wengine watende jambo ambalo wasingelitenda. Kichocheo cha kemia hakina uwezo huo hata kidogo. Mmenyuko ambao haukuwa na njia ya kwenda kwa asili yake hakiwezi kuupeleka. Hufungua tu njia iliyo nyepesi zaidi, na mwisho wa safari hubaki ulipokuwa.

Baadhi ya waandishi wametumia "chachu" au "hamira". Pendekezo hilo ni la kukataliwa mara moja, kwa kuwa hamira huliwa pamoja na mkate.

Yuko katika jamii za Waswahili mtu ambaye kazi yake ni hii hasa, naye ni mshenga. Mshenga huingia katika nyumba ya mume na katika nyumba ya mke. Husema na hawa, akasema na wale. Ndoa ikifungwa yeye hayumo, amerudi kwake, na kesho yake aweza kutumwa na wengine. Wasiotakana hawezi kuwaoza. Na akiharibiwa jina, kazi yake imekwisha, kama paladi ambayo ikikutana na salfa hushikwa nayo na kuzubaa. Mfano huu una kasoro yake pia, kwa sababu mshenga hupewa chake na paladi haipewi kitu. Lakini istilahi haidaiwi kuwa sahihi katika kila kona. Hudaiwa isidanganye katika jambo lililo kiini. Kulifuta neno "kichocheo" katika vitabu vyote kwa ajili ya hoja hii kungekuwa ni kuwachosha walimu bure. Linalopendekezwa ni kwamba "kichocheo" kibaki kuwa jina la kitu, na "ushenga" uwe jina la kazi yake, hasa katika tawi hili ambamo kuingia na kutoka kwa metali ndio habari yenyewe.

Hapo ndipo inapofikiwa hoja iliyo kubwa kuliko zote zilizotangulia. Istilahi za Kiswahili za kemia zimejengwa juu ya nomino, na vitenzi vimeachwa vijitafutie. Matokeo yake yasikika katika kila darasa ambalo mwalimu hueleza kwa Kiswahili somo lililoandikwa kwa Kiingereza: nomino hupatikana, na vitenzi huwa vya Kiingereza vilivyovishwa viambishi vya Kiswahili. Huu ni ukosefu wa ajabu katika lugha ambayo utajiri wake mkubwa uko katika mnyambuliko wa vitenzi. Kemia ya tawi hili, ikichunguzwa vizuri, ni habari ya kufunga na kufungua, na Kiswahili kina kauli nzima ya kutendua iliyowekwa tayari kwa kazi hiyo: funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua, bandika na bandua, choma na chomoa.

Mfano mmoja utatosha, nao ni njia ya kutengeneza indoli iliyotangazwa na Larock wa Marekani mwaka 1991. Huanziwa na anilini yenye iodini katika kaboni iliyo jirani na ile iliyoshika naitrojeni, pamoja na alkaini, yaani kampaundi yenye kaboni mbili zilizofungwa pamoja kwa vifungo vitatu. Paladi hujichomeka kati ya kaboni na iodini. Alkaini huja ikajipachika kati ya paladi na kaboni ile, na moja ya vifungo vyake vitatu hufunguka kwa kufanya hivyo. Naitrojeni, ambayo muda wote ilikuwa jirani tu, sasa huigeukia paladi na kuishika, na iodini huachia. Pete imefungwa, lakini ni pete ya atomu 6, na paladi ni mojawapo ya hizo 6. Kisha paladi hujichomoa. Naitrojeni na kaboni iliyokuwa upande wa pili wa paladi hushikana zenyewe kwa zenyewe, pete ya 6 ikawa pete ya 5 iliyopakana na pete ya zamani ya anilini, na hiyo ndiyo indoli. Paladi imekuwa huru, nayo hutafuta anilini nyingine yenye iodini.

Hapana katika maelezo hayo kitenzi hata kimoja kilichokopwa. Nomino za mkopo zimo nyingi, na hazikumzuia msomaji, kwa kuwa vitenzi vilimshika mkono. Kinyume chake, hatua za kwanza na za mwisho za habari hiyo zina majina rasmi katika Kiingereza, na majina hayo yakifasiriwa neno kwa neno huwa "nyongeza ya kioksidishi" na "uondoshaji wa kupunguza". Asomaye "kioksidishi" atatafuta oksijeni, na oksijeni haimo. Asomaye "kupunguza" atauliza ni kipi kilichopungua, na ukweli ni kwamba paladi, kwa hesabu ya elektroni, imeongezewa. Hayo ni mabaki ya historia ya kemia ya Ulaya, tangu zamani za kuchoma metali na kuzitoa katika mawe. Mzungu mwenyewe huyabeba kwa mazoea, na hakuna sababu ya Mswahili kuubeba mzigo ambao hakuufunga.

Haki idai pia upande wa pili. "Kujichomeka" na "kujichomoa" hayasemi lolote juu ya elektroni mbili ambazo paladi huzitoa inapoingia na kuzipata tena inapotoka, na mwanakemia hawezi kufanya kazi bila ya hesabu hiyo. Majina rasmi, pamoja na upotofu wake wa sauti, huibeba hesabu hiyo. Kwa hiyo vitenzi hivi vyafaa kwa kueleza njia, na vyahitaji kusindikizwa na maneno mengine pale hesabu inapohitajika: paladi hujichomeka na kutoa, hujichomoa na kutwaa. Bado yahitajika kazi hapo, na ni kazi ambayo mwanaisimu peke yake hawezi kuimaliza. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 kwa nia ya kukazia sayansi na ufundi, kina idara ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika katika bewa lake la Kesses. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa bewa lake la Chepkoilel kabla ya kujitegemea mwaka 2013, kina wanakemia wake. Umbali kati ya vyuo hivyo viwili ni safari ya asubuhi moja kwa matatu.

Wapo wasemao kwamba juhudi hizi hazina haja, kwa kuwa mwanakemia wa Kenya husoma, huandika na hutahiniwa kwa Kiingereza, na hata Katiba ya mwaka 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haikubadili lugha ya maabara. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwanakemia. Si ya kweli kwa muuguzi anayeulizwa na mgonjwa kwa nini dawa hii si ileile ya zamani, wala kwa fundi wa kutia rangi anayeonywa juu ya dutu anayoishika kwa mikono, wala kwa mkalimani wa mahakama katika kesi ya dawa bandia. Watu hao hawasomi majarida ya kemia, na hata hivyo ni wao wanaotakiwa kusema kwa Kiswahili, papo hapo na bila kamusi, kama kitu fulani ni mchanganyiko au ni kampaundi, na kama kilichoingia kimo bado au kimekwisha kutoka.

Maneno yale ya mwanzo sasa yaweza kuandikwa upya: "usanisi wa kampaundi za pete zinazopakana zenye naitrojeni, kwa ushenga wa metali". "Usanisi" halikuguswa, kwa sababu "usanisinuru" limekwisha kulipa mizizi katika shule, na mtoto wa darasa la juu hulielewa. Lililobaki na shaka ni "metali". Fundi wa jua kali wa Eldoret huita kila kitu cha namna hiyo chuma, awe anapiga nyundo bati au shaba, na kwa kazi yake hakosei. Katika kemia tofauti hiyo ilikuwa ikionekana ndogo zamani wanakemia waliposhughulika zaidi na paladi, metali ambayo kwa kazi zake waliheshimiwa Heck, Negishi na Suzuki kwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Lakini paladi ni ghali, na wachunguzi wengi wamegeukia chuma chenyewe, kile ambacho tangu mapema katika karne ya 20 kimekuwa kikifanya ushenga kati ya naitrojeni na hidrojeni katika viwanda vya amonia, na hivyo katika mbolea ya mahindi na ngano za Uasin Gishu. Kadiri chuma kinavyochukua mahali pa paladi, sentensi isemayo "kwa ushenga wa chuma" itakuwa na maana mbili katika masikio ya watu wa Eldoret, na mhariri wa kamusi atalazimika kuamua ni ipi.